Wiki 12 za Mkono Mmoja

Kano inayokunja kidole ikikatika na kushonwa, hupita wiki zipatazo 12 kabla haijaaminiwa kwa kazi nzito. Muda huo haubembelezeki. Haupungui kwa kuwa mwenye kidole ni dereva wa bodaboda, mama lishe, fundi cherehani au mwanamke mwenye mtoto mchanga mgongoni. Upande wa pili ipo sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 imeweka kiwango cha chini cha siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara katika kila miezi 12. Wiki 12 ni siku 84. Mwajiriwa wa Tanzania atamaliza wiki ya tisa mshahara wake ukiwa haujaguswa. Wa Kenya, ikiwa mkataba wake haumpi zaidi ya kiwango hicho, ataishiwa karibu siku zilezile anapotolewa nyuzi. Na mvuvi wa Kilwa, mchuuzi wa Gikomba, mkulima wa Kigoma, mama aliye nyumbani kwake, hao hawana hata siku moja iliyoandikwa popote.

Hoja ninayoileta mbele yenu inatoka katika pengo hilo. Upasuaji uliofanywa vizuri mezani unaweza kuharibika jikoni, shambani au juu ya pikipiki, na sababu yake huwa ilikuwapo kabla mgonjwa hajaingia thieta: alikuwa na kazi zake, na hakuna aliyemuuliza atamwachia nani. Nasema basi kwamba mpango wa majukumu ya kila siku ni sehemu ya tiba yenyewe, sawa na vipimo vya damu na karatasi ya ridhaa. Uandaliwe kabla ya kisu, uandikwe kwenye faili, na daktari auangalie kabla ya kupanga tarehe. Mara nyingi hauji kabisa, au unakuja kwa sentensi moja mlangoni siku mgonjwa anaporuhusiwa: pumzisha mkono, rudi baada ya wiki mbili. Agizo hilo lina kasoro kubwa kuliko linavyosikika, na ni vizuri tuanze na kasoro yake.

Mkono una mifupa 27, minane kati yake ikiwa midogo midogo ya kifundo. Kidole chenyewe hakina msuli. Misuli inayokikunja iko mkononi, kati ya kiwiko na kifundo, nayo huvuta kidole kwa kano ndefu zinazoteleza ndani ya ala nyembamba, kama waya wa breki ya baiskeli ndani ya mpira wake. Baada ya kuumia au kupasuliwa mkono huvimba, na maji ya uvimbe huo yana protini nyingi. Yakikaa, hugeuka kovu, na kovu halichagui pa kushika: hugandisha kano na ala yake, ngozi na mfupa, kiungo na kiungo. Kwa hiyo mgonjwa wa mkono anakabiliwa na hatari mbili zinazovutana. Akitumia nguvu mapema, anachana kilichoshonwa. Akiuacha mkono umelala, unaganda, na mkono ulioganda huweza kumsumbua zaidi ya jeraha lililompeleka hospitali. Anayeambiwa apumzishe mkono anaonywa juu ya hatari ya kwanza tu. Akiwa mtiifu, atautundika shingoni kwa kitambaa wiki sita, na atarudi na bega gumu, kiwiko kigumu na vidole visivyofika kwenye kiganja. Akiwa na shida nyumbani, atakaa siku tatu kisha ataanza kukamua nguo. Wote wawili wamesikia maneno yaleyale.

Historia ya fani hii inaonyesha wazi kwamba yanayotendeka baada ya kisu yana uzito sawa na kisu chenyewe. Sterling Bunnell, daktari wa San Francisco aliyetoa kitabu chake kikubwa cha upasuaji wa mkono mwaka 1944, alilipa eneo la kati ya kiganja na katikati ya kidole jina la ardhi isiyo na mwenyewe, kwa kuwa kano mbili hupita pamoja katika ala moja nyembamba, na aliyezishona hapo siku ya ajali karibu kila mara aliishia na kidole kilichoganda. Kwa miongo miwili na zaidi ushauri ulikuwa kufunga ngozi tu, kusubiri, na baadaye kupandikiza kano kutoka mahali pengine. Mwaka 1967 Harold Kleinert na wenzake wa Louisville, Kentucky, walieleza mbele ya madaktari wenzao wa Marekani kwamba wanashona kano hapohapo na kupata vidole vinavyokunjika. Wengi hawakuamini. Ushonaji wao ulikuwa mzuri, lakini haukuwa peke yake: mgonjwa alifungwa gango, ukucha wake ukaunganishwa na mpira laini uliokivuta kidole kikunjike, naye akawa anakinyoosha mwenyewe dhidi ya mpira huo, siku hadi siku. Kano ilitembea bila kubeba mzigo. Mwaka 1975 Duran na Houser walionyesha kwamba kano ikiteleza milimita 3 hadi 5 tu, inatosha kuzuia isigandishwe na kovu. Milimita 3 hadi 5, mara nyingi kwa siku, wiki hadi wiki, na anayezitembeza ni mgonjwa mwenyewe akiwa kwake. Fani ilisonga mbele ilipomhesabu mgonjwa kuwa mmoja wa timu.

Ushahidi wa pili unatoka India ya kusini. Paul Brand alianza kupasua mikono ya wagonjwa wa ukoma huko Vellore mwishoni mwa miaka ya 1940. Alihamisha kano kutoka msuli uliobaki hai ili zifanye kazi ya misuli iliyopooza, na vidole vilivyokuwa vimejikunja kama kucha za ndege vikafunguka. Kisha likatokea jambo ambalo yeye mwenyewe alilisimulia kwa miaka mingi: baadhi ya wagonjwa walirudi na malalamiko. Walikuwa wakiishi kwa kuomba, na mkono ulionyooka haukuwapatia tena huruma ya wapita njia. Kazi nyingine hawakuwa nayo, wala nyumba ya kupanga haikupatikana kwa mtu mwenye alama za ukoma. Kwa hiyo hospitali ikajenga kijiji kidogo cha mafunzo ndani ya eneo lake, wakafundishwa useremala na ufundi mwingine, na wakafundishwa namna ya kushika nyundo na chombo cha moto kwa mkono usiohisi. Brand angeweza kusema kwamba ajira si kazi ya daktari. Hakusema hivyo, kwa kuwa aliona mkono aliourekebisha ukirudi umejeruhiwa upya na kazi isiyopangwa.

Hapa yafaa nitenganishe aina za upasuaji, maana mpango wa mgonjwa mmoja si wa mwingine. Chukueni ganzi inayotokana na kubanwa kwa mshipa wa fahamu kifundoni, ugonjwa unaowapata wanawake zaidi ya wanaume, na unaofuatana mara nyingi na ujauzito, kisukari na upungufu wa homoni ya tezi ya shingo. Mshipa huo hupita chini ya ukanda mgumu pamoja na kano tisa. Daktari huukata ukanda, na mshipa unapata nafasi. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Kazi nyepesi, kama kushika kijiko au kubonyeza simu, huanza karibu mara moja; nguvu za kushika ndizo zinazochelewa, kwa miezi, na maumivu chini ya kiganja huweza kudumu kiasi hichohicho. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2016 yalikuta ushahidi hafifu kwa karibu kila tiba inayotolewa baada ya upasuaji huo, kufunga gango kukiwemo. Mgonjwa wa namna hii hahitaji miezi mitatu ya kuhudumiwa. Anahitaji mtu wa kumchotea maji na kumfulia kwa wiki kadhaa, na anahitaji kuambiwa kwamba kuchambua mchele kunaruhusiwa na kusonga ugali wa watu wanane hakuruhusiwi bado.

Mshipa wa fahamu uliokatika na kushonwa ni habari nyingine. Huota kwa kasi ya takriban milimita moja kwa siku. Kutoka kifundoni hadi ncha ya kidole ni kama sentimita 18, yaani milimita 180, na kwa hiyo miezi sita hupita, pengine zaidi, kabla kidole hakijaanza kuhisi. Katika miezi hiyo mwenye mkono haoni tofauti kati ya mfuniko wa moto na wa baridi. Mama lishe anayeinua sufuria kwa vidole hivyo ataungua bila kushtuka, na atajua baadaye, akiona lengelenge. Kwake yeye swali la nyumbani si nani atabeba mzigo. Ni nani atakaa karibu na moto, na kama yeye mwenyewe anaweza kuhamia kwenye kupokea fedha na kugawa sahani mpaka hisia zirudi. Daktari asiyejua kwamba mgonjwa wake ni mama lishe hana namna ya kumpa ushauri huo.

Sasa mpango wenyewe uweje? Nashauri uanze asubuhi, mgonjwa anapofungua macho, uende naye saa kwa saa mpaka anapolala. Anaamka: ataegemea mkono upi kunyanyuka kitandani? Anakwenda chooni, na hapa madaktari wengi hunyamaza kwa haya. Kwa desturi zetu kazi ya kujisafisha ni ya mkono wa kushoto na kazi ya kula ni ya kulia. Ukifungwa wa kushoto, mtu mzima mwenye heshima zake anatakiwa ajifunze kutumia wa kulia, au asaidiwe na mwenzake, na jambo hilo likiachwa bila kutajwa humfanya afungue bandeji au ailoweshe. Ukifungwa wa kulia, atakula kwa kijiko mkono wa kushoto na kupokea kwa kushoto; familia ikijua mapema, hakuna atakayeona amevunjiwa adabu. Mwislamu atauliza juu ya udhu, na wanazuoni walikwisha kumjibu: mwenye kifungo hupangusa juu yake, na katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, tayamamu nayo huingia kwa masharti yake. Amuulize sheikh wake kabla ya siku ya upasuaji, asije akaulowesha mkono alfajiri ya kwanza kwa kuogopa swala yake isitimie.

Kisha nguo. Vifungo vya shati, zipu, sindiria na kamba za viatu vyote vinataka mikono miwili. Dera, shati pana na kandambili havitaki. Kanga kifuani hufungwa kwa mikono miwili, kwa hiyo nguo ya kuvaa siku ya kurudi nyumbani ichaguliwe kabla. Kisha jiko: nani atakuna nazi, nani atamenya ndizi, nani atashika dumu la lita 20, ambalo ni kilo 20 zinazoning'inia kwenye vidole vinne. Mtoto wa miezi sita ana kilo zisizopungua sita au saba, naye hana subira; mama anyonyeshe akiwa amelala ubavu, na wa kumnyanyua mtoto ajulikane kwa jina. Kisha fedha: saini ya benki inayotolewa na mkono utakaofungwa, namba ya siri ya simu iliyozoewa na kidole gumba kimoja, na alama za vidole mahali zinapotakiwa. Yote haya hushughulikiwa kwa nusu siku kabla ya upasuaji. Njia rahisi ya kuyagundua ni mgonjwa aufunge mkono huo kwa kitambaa na kuishi hivyo tangu asubuhi hadi adhuhuri, akiwa bado mzima, aone anakwama wapi. Pale anapokwama ndipo penye jina la mtu wa kuandikwa.

Maandalizi ya kitabibu yanakwenda sambamba na hayo, nami nitayapitia kwa haraka kwa kuwa hospitali nyingi huyaeleza. Pete zote zitoke, maana kidole kikivimba pete hugeuka kitanzi. Kucha zisafishwe, maana hina nyeusi na piko kwenye kucha huweza kutatiza kifaa kinachopima oksijeni kidoleni, kwa hiyo arusi ya wiki iliyotangulia nayo ina habari yake. Sigara na ugoro viachwe, kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na mishipa ya kidole ni midogo tayari. Mwenye kisukari apimwe sukari na apangiwe dawa zake za siku ya kufunga. Nusu kaputi hutaka tumbo tupu: chakula kigumu kisiliwe kwa muda wa saa 6, maji matupu kwa muda wa saa 2.

Lakini hata aina ya dawa ya ganzi ni sehemu ya mpango wa nyumbani, na hili halielezwi vya kutosha. Zamani wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba ganzi iliyochanganywa na adrenalini isichomwe kidoleni, kidole kitakufa. Mwaka 2005 Donald Lalonde na wenzake wa Kanada walichapisha mfululizo wa wagonjwa 3,110 waliochomwa adrenalini kwenye vidole na viganja, na hakuna kidole hata kimoja kilichokufa. Tangu hapo upasuaji wa mgonjwa akiwa macho, bila nusu kaputi na bila kufungwa mpira wa kuzuia damu mkononi, umeenea katika nchi nyingi. Mgonjwa hafungi kula, halazwi kwa ajili ya kuzinduka, na anarudi kwake siku hiyohiyo. Zaidi ya hayo, daktari anaweza kumwambia akunje kidole kabla ngozi haijafungwa, wote wawili waone kama kano inateleza, na wazungumze juu ya kazi zake pale mezani. Upasuaji wa namna hiyo haumfai kila mtu, na kwa mtoto mdogo au jeraha kubwa nusu kaputi hubaki kuwa njia. Kwa mama mwenye mtoto anayenyonya, hata hivyo, tofauti kati ya kulala hospitali na kurudi alasiri ni kubwa, naye ana haki ya kuulizwa.

Siku za kwanza baada ya kisu zina sheria chache zisizo na mjadala. Mkono ukae juu ya usawa wa moyo, juu ya mito usiku, mkononi mwa kiti mchana. Kitambaa cha shingoni ni cha kutokea nje tu. Bega, kiwiko na vidole visivyofungwa vitembezwe kila baada ya muda mfupi. Bandeji isilowe, mfuko wa plastiki wakati wa kuoga. Vidole vikiwa baridi au vya rangi ya samawati, maumivu yakizidi badala ya kupungua, hogo likibana, usaha ukitoka au homa ikipanda, mgonjwa arudi hospitali usiku huohuo. Jambo la mwisho hili nalo lina upande wa nyumbani: nani atampeleka usiku, kwa chombo gani, na nani atabaki na watoto?

Wako watakaonipinga, na pingamizi la kwanza ni zito. Watasema mpango huu ni wa wenye nacho. Anayeishi chumba kimoja mjini, mbali na ndugu, hana wa kumwachia kazi, na kumwuliza nani atakusaidia ni kumkumbusha upweke wake. Ni kweli kwamba wengi hawana. Lakini asiyekuwa na mtu ndiye anayehitaji zaidi swali hilo liulizwe mapema, kwa sababu jibu lake linaweza kubadilisha tiba. Upasuaji usio wa dharura unaweza kusogezwa mpaka baada ya mavuno, au mpaka mdogo wake afunge shule. Mwenye ganzi mikono yote miwili anaweza kupasuliwa mmoja mmoja. Kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kuombwa zamu yake ya mchezo iletwe mbele. Dereva wa bodaboda anaweza kumkabidhi mwenzake pikipiki kwa hesabu ya siku, badala ya kujaribu kuiendesha mwenyewe wiki ya tatu. Na asidanganyike kwamba mkono uliofungwa ni wa kushoto tu, kwani klachi iko huko, kama vile mafuta na breki ya mbele vilivyo kulia. Akikosa yote haya, basi daktari ajue kwamba anamshona mtu atakayelazimika kutumia mkono mapema, na apime kama upasuaji mkubwa unamfaa sasa au unamwongezea hasara. Swali likiulizwa baada ya kisu, hakuna kati ya hayo kinachowezekana.

Ndani ya pingamizi hilo kuna jingine ambalo watu hawalisemi, nami nalichukulia kwa uzito mkubwa. Kazi za mama zinapoachwa bila mpango, haziachwi kweli. Humwangukia binti. Yeye ndiye atakayechota maji, atakayefua, atakayembeba mdogo wake, na daftari lake la shule litakaa juu ya kabati kwa miezi mitatu. Mpango ulioandikwa kwa majina na tarehe unaiweka kazi hiyo mezani mbele ya baba, kaka na mashemeji, igawanywe. Baba kufua nguo za watoto kwa wiki sita ni jambo dogo kuliko mwanafunzi kupoteza muhula, na sioni kwa nini muuguzi aogope kulisema hivyo, kwa upole, mume akiwa ameketi hapo.

Pingamizi la pili ni la dharura. Panga halitoi taarifa, wala mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Mwanzoni mwa mwaka 2018 madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta walimrudishia kijana mkono uliokatwa na mashine ya aina hiyo; kazi ya namna hiyo hupimwa kwa saa, na hakuna nafasi ya kuuliza nani atafua. Maambukizi nayo hayasubiri. Ripoti ya mwaka 2002 ya Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani ilieleza wagonjwa wa kisukari wa Dar es Salaam ambao mchubuko mdogo au kuumwa na mdudu kuligeuka uozo wa mkono mzima, na kuchelewa kufika hospitali kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowagharimu viungo na maisha. Kwa hao jibu ni kuja leo, wala wasisubiri kupanga lolote. Hata hivyo dharura huondoa maandalizi ya kabla ya kisu tu. Jeraha la kano lililosafishwa na kufungwa vizuri mara nyingi linaweza kusubiri siku kadhaa likashonwa na mwenye ujuzi, na siku hizo ni za kupanga. Aliyepasuliwa usiku wa ajali naye bado ana saa 48 wodini, ndugu wakiwa wamemzunguka wakitaka kuambiwa la kufanya.

La tatu husemwa na wagonjwa wenyewe: mkono huzoea kazi kwa kufanya kazi, na aliyelelewa shambani hataki kuambiwa akae. Nawakubalia nusu. Kazi ni dawa nzuri ya mkono kuliko kubana mpira wa mazoezi mbele ya ukuta, na ndiyo maana ipo fani ya tiba kwa vitendo, inayofundishwa Moshi katika hospitali ya KCMC. Lakini kazi zina ngazi. Kukunja nguo kavu, kupanga nyanya mezani na kushika kalamu hukunja kidole bila mzigo. Kukamua suruali ya jinzi huunganisha kushika kwa nguvu na kusokota kifundo, na ni katika mambo mabaya kabisa kwa kano ya wiki nne. Jembe linakuja mwisho. Mgonjwa anayejua ngazi hizo atapanda moja moja. Asiyezijua atachagua kati ya kukaa bure na kurudi shambani, na njaa ndiyo itakayomchagulia.

La mwisho ni la hospitali: wauguzi wachache, foleni ndefu, wataalamu wa fiziotherapia wa kuhesabika. Sibishi. Ila kano iliyochanika hurudi kwenye foleni ileile ikihitaji upasuaji mkubwa zaidi, na kidole kilichoganda huhitaji kupasuliwa tena ili kovu liachiliwe. Mazungumzo ya dakika kumi yanashindanishwa na saa mbili za thieta. Waajiri nao wana sehemu yao. Aliyeumia kazini Tanzania ana madai kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi chini ya sheria ya mwaka 2008, na Kenya ina Sheria ya Faida za Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Lakini fidia haisemi atafanya nini wiki ya tano, akiwa anaweza kuandika ila hawezi kuinua gunia. Barua ya daktari inayotaja kazi anazoweza na asizoweza, kwa wiki, humpa mwajiri jambo la kutekeleza. Barua inayosema tu kwamba mgonjwa yuko chini ya matibabu humwachia msimamizi wa zamu aamue.

Ninachoomba hospitali zetu zianze nacho ni ukurasa mmoja nyuma ya karatasi ya ridhaa. Uandikwe mkono anaotumia zaidi, kazi inayomlisha na vifaa anavyoshika, watu anaowahudumia kwa mikono yake, na kwa kila kazi nzito jina la atakayeipokea pamoja na tarehe ya kuirudisha. Usomwe kwa sauti mbele ya mgonjwa na ndugu aliyekuja naye. Mahali pa jina pakiwa patupu, daktari aone kabla hajaandika tarehe ya upasuaji.